Kinanda Kilichochoka Njiani

Inspekta Kisilu aliondoka Kikima akiwa na ushahidi na usingizi. Ushahidi ulikuwa juu ya dashibodi ya Land Rover, ukiimba. Usingizi ulikuwa machoni mwake, na tangu apewe kesi hii hakuwa amepata mahali pa kuutua.

"Mutiso," alimwambia konstebo aliyekuwa akiendesha, "hicho ni kielelezo cha korti."

"Najua, afande. Lakini hii gari haina redio."

Kisilu alitaka kumkemea. Akakumbuka kwamba amekuwa akiwakemea madereva tangu Mutiso hajazaliwa, na hakuna hata mmoja aliyebadilika. Akaegemeza kichwa kwenye kioo na kuiacha bendi ya Mutiso iendelee.

Kielelezo chenyewe kilikuwa kinanda cha kanda, cha kubeba begani. Sanduku lake lilikuwa la mbao ya mukau, mti mgumu wa huko Ukambani, ukubwa wa Biblia ya mimbarini, lenye mkanda wa ngozi na miguu minne mifupi ya kusimamia mezani. Ndani mlikuwa na mota na vyuma vilivyotolewa kwenye redio kuukuu, na betri za tochi. Mwaka huo wa tisini na nne, vinanda vya dukani vilikuwa vya plastiki, na kikianguka mara moja mwenyewe alirudi nyumbani na vipande. Vya mbao viliangushwa na wachunga ng'ombe kutoka Makueni hadi Mwingi, na vikaendelea kuimba. Mafundi wenye jina walikuwa wawili tu, Mbuvi wa Kikima, kule juu kwenye ukungu, na Kiilu wa Kathonzweni, chini kwenye jua. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hawa walikuwa wamesukumana pembe kwa miaka.

Sasa karakana ya Mbuvi ilikuwa jivu, na mlinzi wake, mzee Ndolo, alikuwa amefia ndani ya moto huo. Kando ya lango kilikutwa kinanda hiki. Ubavuni kilikuwa na alama iliyochomwa kwa chuma, duara lililokatwa na mstari, alama ya ukoo wa Kiilu. Isitoshe, siku chache kabla ya moto, Kiilu alikuwa amepanda Kikima siku ya soko na kumtishia Mbuvi moto mbele ya umati. Walioapa kwamba walisikia hawakuhesabika. Kiilu alikuwa seli, na Jumatatu angepelekwa Machakos kusomewa shtaka la kuua. Shtaka hilo halina faini. Lina kitanzi.

Kesi ilikuwa nyepesi kiasi kwamba mkubwa wake Kisilu alikuwa ameshauliza mara mbili anangoja nini. Kisilu alikuwa akingoja jibu la jambo moja dogo lililomkera. Mtu aliyelala ndani ya nyumba inayowaka hukimbilia mlangoni. Ndolo alikutwa chumba cha ndani kabisa, kwenye rafu za betri.

Asubuhi hiyo alikuwa amemuuliza Mbuvi. Walisimama kando ya jivu, ukungu wa Julai umeshuka mpaka mabegani, Mbuvi amevaa koti lake la mzee wa kanisa. Alikuwa mtu mrefu, mwenye vidole vyembamba visivyotulia.

"Usiku wa moto ulikuwa wapi, mzee?"

"Kwa kesha, kanisani. Uliza mtu yeyote."

"Hukutoka?"

"Nilitoka mara moja. Betri ya spika ilizima, nikaenda nyumbani kuleta ingine."

"Nyumbani, si hapa?"

"Nyumbani. Wakati nilirudi ndiyo watu walianza kupiga nduru."

"Na Ndolo? Si alikuwa kazini?"

Mbuvi aliangalia jivu. "Nilimpa ruhusa. Nilimwambia, Ndolo, leo usilinde, twende kesha tuombe. Na alikuja, niliona yeye kwa benchi na bibi yake. Sijui alirudi hapa kufanya nini." Akasogeza jivu kwa ncha ya kiatu. "Hiyo ndiyo sielewi, Inspekta. Sijui alirudi kufanya nini."

Kisilu alikuwa amesikia uongo mwingi maishani, na huo haukuwa mmoja wao.

"Hiki kinanda cha Kiilu, umewahi kukifungua? Hiki au kingine chake chochote?"

"Mimi? Nifungue kazi ya huyo mtu natafuta nini? Sijawahi kugusa hata moja."

Na huo, ndiyo, ulimlia Kisilu masikioni kidogo. Fundi gani asiyechungulia kazi ya mshindani wake? Lakini kuchungulia si kosa la jinai, na wazee wa kanisa hawapendi kuonekana wakichungulia.

Land Rover iliiacha milima nyuma. Walipopita mji wa Wote, ukungu ulikuwa umesahaulika na jua lilikuwa likipiga dashibodi bila huruma. Kisilu alisinzia, akaamka, akasikia jambo.

"Hao waimbaji wako wamelewa?"

Mutiso alikuwa amekunja uso. Mwimbaji alikuwa akivuta maneno, na gitaa lilikuwa likijikokota nyuma yake. Walipofika Kathonzweni, bendi nzima ilinguruma polepole kama fahali anayeumwa tumbo.

"Betri imekwisha," Mutiso alisema.

Wakasimama dukani, Mutiso akanunua betri mpya, akazitia. Fahali akaendelea kuumwa tumbo.

"Basi si betri," alisema Kisilu. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, usingizi ulimpungua kidogo.

Kwa Kiilu palikuwa kilomita chache kutoka sokoni, boma la nyumba mbili za bati na kibanda cha kazi. Mkewe, Ndinda, alikuwa ameketi mbele ya kibanda akikata ngozi mbichi ya mbuzi kuwa mikanda myembamba na kuitumbukiza kwenye karai la maji. Aliwaona polisi akaendelea kukata.

"Wi museo, mwaitu," Kisilu alimwamkia kwa Kikamba, hujambo mama.

"Museo nitapata wapi, Inspekta? Mume wangu mnamnyonga Jumatatu."

"Jumatatu ni kusomewa tu."

"Kusoma ni kwenu. Kwangu ni kunyonga." Akatupa mkanda karaini. "Mmekuja kuchukua nini tena? Mlichukua nguo zake, mkachukua panga, mkachukua hata Biblia yake. Chukueni na mbuzi."

"Nimekuja kuona vile anafanya kazi. Kuna kinanda chake kimebaki?"

Ndinda aliingia kibandani, akatoka na kinanda kimoja kisichopigwa rangi bado. Alama ya duara ilikuwa ubavuni. Kisilu aliweka kielelezo chake kando ya hicho. Mbao ile ile, mkanda ule ule, alama ile ile. Alilinganisha alama kwa kidole, mstari kwa mstari, akitumaini kupata tofauti. Hakupata. Mhunzi yeyote mwenye makaa angeweza kutengeneza chuma cha kuchomea duara.

"Hiyo alama," Ndinda alisema, "iko kwa mizinga ya babake Kiilu, iko kwa ng'ombe, iko kwa mishale ya babu. Mtu wa ukoo mwingine hawezi kuiweka kwa kitu chake. Hata mwizi anaogopa."

"Kifungue hicho chenu."

Nyuma ya sanduku kulikuwa na skurubu nne. Ndinda alizifungua haraka, bati likatoka. Mota ilikuwa imefungwa kwa mikanda ya ngozi ya mbuzi, iliyozungushwa ikiwa mbichi na kuachwa ikaukie hapo. Kisilu aliisukuma kwa kidole gumba. Haikusogea hata kidogo.

"Kazi yangu ni hiyo," Ndinda alisema. "Yeye anachonga na kuunga nyaya, mimi nafunga. Ikikauka na hii jua, huwezi kuitoa bila kisu."

"Sasa fungua hiki changu."

Ndinda alikigeuza nyuma. Hakukuwa na skurubu. Alikigeuza juu chini, akakipapasa kando zote, akakirudisha kwa Kisilu kana kwamba kinanuka.

"Hii sijui. Hii si yetu."

Kisilu naye alijaribu, na Mutiso akajaribu, kwa kucha, kwa kisu, kwa maneno ambayo hayaandikwi. Walihangaika mpaka kivuli cha kibanda kikahama. Mwishowe Mutiso alichoka, akalishika sanduku kwa ile miguu yake mifupi ili alirushe chini, na mguu mmoja, wa nyuma kushoto, ukazunguka mkononi mwake. Kifuniko kikaachia.

Harufu ya asali ikawapiga puani.

Ndani, mota ilikuwa imekalishwa kwenye shimo lililochongwa vizuri na kushikizwa kwa nta ya nyuki. Nta ilikuwa imeyeyuka na kutiririka mpaka kwenye betri. Mota ilikuwa imelala ubavu, na mpira wake, uliopaswa kukazwa ili uzungushe kanda, ulining'inia.

"Nta!" Ndinda alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Nani ataweka nta huku? Huku hata sabuni inayeyuka kwa duka."

"Na kule Kikima?" Kisilu aliuliza polepole, akijiuliza mwenyewe zaidi. "Ngozi ya mbuzi ingefaa kule?"

"Na ile ukungu? Ingekunywa maji na kulegea. Huko ni nta."

Kisilu alikaa kwenye kigogo. Hii ndiyo picha iliyokuwa mbele yake sasa. Mtu wa milimani alikuwa amechonga kinanda, akakivika alama ya mtu wa jua, na ndani akaacha mkono wake wa kawaida. Kisha akafunga kwa ujanja wa mguu ili asionekane ndani. Ilitosha kumtia Kisilu wasiwasi. Kumtoa mtu seli haikutosha. Mwendesha mashtaka angesema Kiilu alijaribu nta siku moja, basi, na jaji angeangalia saa.

"Nipe kitu kingine, mwaitu," alisema. "Kimoja ni bahati mbaya. Vipo vingine kama hiki?"

"Muulize Abukar. Yeye ndiye alikuja hapa kumtukana Kiilu juu ya hizo vitu. Hapo ndipo taabu ilianzia."

Abukar alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka upande wa Garissa, mwenye ndevu zilizotiwa hina. Walimkuta kwenye zizi la mnada, ametoka kuswali Ijumaa, akibishana na mtu juu ya meno ya fahali. Njiani Mutiso alikuwa amemwambia Kisilu kwamba huyu ndiye wa kushikwa, kwa sababu aligombana na mafundi wote wawili na wiki ya moto alikuwa Kikima. Kisilu alikuwa amejibu kwamba mtu anayeuza vinanda hachomi kiwanda cha vinanda, na kama Mutiso ana wazo lingine aliache mpaka apate chai.

"Inspekta, karibu," Abukar alisema. "Mimi nilikuwa nimengoja polisi waniulize. Hakuna mtu ameniuliza. Watu wanasema tu huyu Abukar, huyu Abukar."

"Nimekuja kuuliza. Ulikuwa unanunua kwa nani?"

"Kwanza kwa wote wawili. Napeleka Kitui, Mwingi, mpaka nyumbani. Halafu ile ya mzee wa Kikima, ikipita Mwingi, inalala, nyimbo zinavutika. Wateja wananirudishia. Nikaenda kwake nikamwambia uso kwa uso, mzee, kazi yako ni nzuri lakini jua inaishinda. Sasa nachukua ya Kiilu peke yake."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Alinipa chai."

"Halafu?"

"Halafu ya Kiilu ikaanza kulala! Wallahi, moja baada ya moja. Zile za mwisho nilinunua kwa mtu sokoni Kitui, akasema ametumwa na Kiilu. Mimi nitajuaje? Alama ni alama. Nikarudi hapa na hasira, nikamtukana Kiilu mbele ya bibi yake. Akaapa si zake. Akasema ni Mbuvi."

"Kwa hivyo Kiilu akapanda Kikima."

"Tulipanda na yeye. Mimi nilikuwa hapo."

Kisilu alimtazama vizuri. "Ulisikia alichosema?"

"Yote."

"Niambie yote. Watu wa Kikima wameniambia ya moto tu."

Abukar alivuta ndevu zake akikumbuka. "Alisema, 'Mbuvi, Jumamosi nakuja na chifu, na kila sanduku kwa hii karakana litafunguliwa. Ukikataa kufungua, nitawasha moto nione kama hutafungua.' Hasira tu. Na kwa chifu alienda, chifu akakubali. Jumamosi tulikuwa tukutane."

"Na karakana ikaungua Ijumaa usiku."

"Ijumaa usiku," Abukar alisema. Mutiso akaacha kutafuna kijiti chake.

Watu mia walikuwa wamesikia maneno yale, wakabeba neno la moto na kuliacha la chifu hapo hapo sokoni. Kisilu hakuwalaumu. Moto ni rahisi kukumbuka.

Abukar alikuwa na vinanda vitatu vilivyorudishwa, kwenye gunia chini ya kitanda cha chumba alichopanga. Kimoja kilikuwa na alama ya Mbuvi mwenyewe. Kilifungwa kwa skurubu, na ndani mota ilikuwa imekalishwa kwenye nta, nta imetiririka. Viwili vilikuwa na duara la Kiilu. Vilifunguka kwa mguu wa nyuma kushoto, na ndani shimo la mota lilikuwa limechongwa vile vile kama la Mbuvi, hata pembe yake moja iliyozungushwa kwa patasi. Jua lilikuwa limemfukuza Mbuvi sokoni, naye akalichukua jua hilo hilo akamtupia mwenzake.

"Tumshike leo, afande?" Mutiso aliuliza walipomaliza kuchukua maelezo na sahihi ya Abukar.

"Kwa nta? Kila boma kule milima ya Mbooni lina nta. Wakili wake atasema kuna kijana alifanya kazi kwake akaibia ujuzi, na atamtaja hata jina."

"Sasa?"

"Huo mguu. Wewe, mimi na Ndinda tulihangaika karibu tulie. Abukar amekaa na hizi vitu kitandani miezi na hajui zinafunguka wapi. Anayejua ni mmoja." Kisilu alisugua macho. "Kesho wanamzika Ndolo. Twende tukalale."

Hakulala. Alijua anachotaka kufanya, na hakikumpendeza.

Kielelezo cha lango alikifungia kwenye kabati la ushahidi na kutia muhuri, kwa sababu hata uchovu una mipaka. Alichokwenda nacho Kikima kilikuwa kimoja kati ya vile viwili vya Abukar. Alifika mapema, kabla ya watu kujaa, akaenda moja kwa moja kwa mjane.

Syokau alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amejifunga leso mbili kwa ajili ya baridi. Alikuwa ameshika kanda mkononi, na wanawake wa kanisa walimwambia Kisilu kwamba hakuwa ameiachilia tangu moto. Kwaya ya kanisa ilirekodiwa mwaka uliopita, na Ndolo ndiye aliyeanzisha wimbo mmoja wa zamani, peke yake, kabla ya wengine kumfuata.

"Nilitaka aimbe leo," alisema. "Lakini kinanda chake kilikuwa kule kwa kazi. Kiliungua na yeye."

"Mimi niko na kinanda, mwaitu," Kisilu alisema. "Si kizuri sana."

"Hata kama si kizuri."

Kisilu aliona aibu, na aibu hiyo haikumzuia.

Mbuvi ndiye aliyeongoza shughuli. Jeneza lilikuwa la kwake, blanketi la jeneza la kwake, hata sukari ya chai ilitoka kwake, na kila aliyesimama kusema alimshukuru. Yeye hakuonekana kusikia. Alikuwa amekonda tangu jana, jambo ambalo Kisilu hakujua kama linawezekana. Ukungu ulikuwa umeshuka juu ya kaburi lililochimbwa, na watu walisimama wakipulizia vidole.

Syokau aliomba nafasi. Kisilu akaweka kinanda juu ya meza ndogo karibu na jeneza, kimefunikwa kwa leso, akatia kanda, akabonyeza.

Sauti ya Ndolo ilitoka nzito na ya kukokotwa, kila neno likivutwa mpaka likapoteza sura. Watu walitazamana. Mtoto alianza kulia. Syokau aliziba masikio kwa viganja.

"Huyo si Ndolo," alisema. "Mnamfanya nini?"

"Zima hiyo kitu!" Mbuvi alisema kwa ukali.

"Nimejaribu kuitengeneza, mzee," Kisilu alisema. "Hata kuifungua imenishinda."

Hilo tu ndilo alilolisema. Mengine aliyafanya Syokau, ambaye hakujua chochote. Alimgeukia Mbuvi na kumshika mkono wa koti.

"Mbuvi, wewe ni fundi. Mtengenezee aimbe vizuri. Mara moja tu, halafu tumzike."

Mbuvi alikaa kwenye benchi. Syokau akamwekea kinanda magotini, bado kimefunikwa na leso, na macho yake yalikuwa kwa mjane, yametulia hapo kama ya mtu anayeombwa maji na mgonjwa. Mkono wake wa kushoto uliingia chini ya leso. Ulikwenda nyuma, ukapata mguu, ukauzungusha. Kifuniko kikaachia kwa sauti ndogo.

Mutiso, aliyekuwa amesimama nyuma ya benchi, alisogea hatua moja.

Mbuvi alitoa leso. Aliiona alama ya duara ubavuni, na kifuniko kilicho wazi mkononi mwake. Akainua kichwa, akamwona Kisilu. Walitazamana. Hapo angeweza kusema neno, angeweza kukiangusha, angeweza hata kujifanya amezimia, na Kisilu, kwa jinsi alivyochoka, karibu alitamani afanye moja ya hayo.

"Kiberiti," Mbuvi alisema.

Kisilu akampa chake. Mbuvi aliwasha njiti, akailainisha nta pole pole, akaisimamisha mota, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka baridi ya Kikima ikaishika. Akarudisha mpira mahali pake. Akapuliza vumbi. Alifanya yote hayo kwa utulivu, bila haraka. Kisha akairudisha kanda nyuma na kubonyeza.

Ndolo aliimba. Sauti yake ilikuwa nyembamba kidogo, ya mzee, safi, na ilikwenda peke yake mstari mzima kabla ya kwaya kuipokea. Syokau alifumba macho akatikisa kichwa polepole. Wanawake walianza kuitikia, kisha wanaume, hata Mutiso.

Kisilu alisogea akakaa kwenye benchi kando ya Mbuvi.

"Tutangoja wimbo uishe," alimnong'oneza.

"Nilichoma mbao tu, Inspekta. Na zile masanduku. Mungu anajua." Machozi yalikuwa yakimshuka waziwazi, na hakuyapangusa. "Nilimtoa humo mimi mwenyewe. Nilimwambia twende kesha. Nilihakikisha yuko kwa benchi. Alirudi kufanya nini? Niambie wewe, alirudi kufanya nini?"

Alikuwa amepaza sauti bila kujua. Wimbo ulikuwa umekwisha, na Syokau alisikia lile swali tu. Akaja akapiga magoti mbele ya benchi na kumshika mikono yote miwili, ile mikono ya vidole vyembamba.

"Usilie hivyo," alisema. "Nilikuwa nimekataa kukuambia ndiyo usijilaumu. Usiku huo ulipotoka, Ndolo aliniambia, 'Mbuvi ameenda kuleta betri peke yake, na ile betri ni nzito, wacha nikamsaidie.' Akatoka mbio. Mama Ndila, wa ile nyumba inatazamana na karakana, aliniambia alimsikia Ndolo kwa mlango, moto umeshika. Alikuwa anaita jina lako, Mbuvi. Alidhani uko ndani."